Swali Namba Nne

Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Nyakivumu, Firdausi alikuwa amekwisha kushuka mtoni mara mbili. Ndoo ilikuwa kichwani, kandambili zikiteleza kwenye udongo mwekundu, na kila alipofika kona ya mwisho ya kilima pumzi zilimwishia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na katika nyumba yao ni yeye peke yake aliyekuwa na miguu ya kutumwa. Baba yake, Khamisi, alikuwa dereva wa lori na wiki nyingi alikuwa safarini, njia ya Manyovu. Bibi yake alikuwa na presha, na magoti yake yalikuwa yamevimba. Mama yake, Adija, aliuza samaki sokoni, migebuka na dagaa wakavu, na saa zilizobaki alikuwa diwani wa kata.

Saa zilizobaki hazikutosha. Watu walibisha hodi hata ugali wa muhogo haujaiva. Huyu anasema kivuko cha mto kimebebwa na mvua, yule mwanawe anakaa chini darasani, mwingine anataka tu kusikilizwa. Adija aliwasikiliza wote, akaandika kwenye daftari lake, kisha akalala na kalamu mkononi.

Jumanne ile, Firdausi alipokuwa akivaa viatu vya shule, mama yake alimpa kadi ya matibabu ya bibi.

"Leo ni siku ya kliniki ya presha. Ukitoka shule pitia zahanati umchukulie bibi yako dawa. Zimebaki chache."

"Sawa, mama."

Shule ilitoka saa nane. Jua lilikuwa kali, na Firdausi alihisi miguu yake ni mizito kama mtu aliyevuka mto na viatu. Kutoka shuleni hadi zahanati ni mwendo wa nusu saa, na wote ni wa kupanda. Njiani iko nyumba ya akina Claudine, rafiki yake wa dawati moja. Mama yake Claudine alikuwa amechoma mihogo.

"Kaa upumzike kidogo," Claudine alimwambia, akimtandikia mkeka kwenye kivuli cha nyumba.

Firdausi alikaa. Alikula kipande cha muhogo, akaegemea ukuta, akafumba macho. Alipoyafumbua, kivuli kilikuwa kimefika katikati ya uwanja na kuku walikuwa wakirudi bandani. Zahanati hufungwa saa tisa na nusu. Alijua kuwa amechelewa.

Nyumbani mama yake alikuwa akipepeta maharage.

"Dawa ziko wapi?"

Firdausi alitaka kusema kweli. Lakini alimwona mama yake namna alivyoinama, akasikia kichwani mwake maneno marefu ambayo yangefuata, naye hakuwa na nguvu ya kuyasikiliza.

"Nimekuta zahanati imefungwa," alisema.

"Imefungwa? Siku ya kliniki?"

"Kulikuwa na kufuli."

Adija aliguna, akaendelea kupepeta. Bibi, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa sauti yake ndogo kuwa si neno, atameza nusu kidonge asubuhi na nusu jioni mpaka Jumanne nyingine.

Jumanne iliyofuata Firdausi alikusudia kwenda kweli. Lakini siku hiyo walilima bustani ya shule, na alipofika njia panda miguu ilimpeleka nyumbani yenyewe. Safari hii uongo haukumsumbua kuutafuta. Ulikuwa tayari mdomoni.

"Imefungwa tena, mama."

Adija aliweka chini ungo. "Una uhakika, Firdausi?"

"Ndiyo."

"Umeona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama. Kufuli lile lile."

Jioni hiyo Adija alikwenda duka la dawa akanunua vidonge vya wiki moja tu, maana vilikuwa ghali. Aliporudi alikaa mezani na karatasi mbele yake. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kikao cha Baraza la Madiwani. Kila baada ya miezi mitatu madiwani wa kata zote hukutana mjini, yaliko makao ya halmashauri, wakamhoji Mkurugenzi na wakuu wa idara zake kuhusu barabara, shule, maji na afya. Maswali hupelekwa mapema kwa maandishi ili majibu yaandaliwe. Adija alikuwa na nafasi ya swali moja. Alikuwa amekusudia kuuliza juu ya kivuko. Alifikiri, akapiga miayo, akafuta, akaandika upya:

*Je, Mkurugenzi ana habari kwamba Zahanati ya Nyakivumu hufungwa siku za Jumanne, siku ya kliniki ya presha? Amechukua hatua gani?*

Firdausi aliyaona maneno yale juu ya bega la mama yake. Alijua yametoka mdomoni mwake. Lakini karatasi ilikunjwa, ikaingia kwenye bahasha, na asubuhi ikaondoka.

Jumanne ya tatu alikwenda zahanati kwa kweli. Aliondoka shuleni mbio, hakusimama popote. Alipofika juu, akiwa anahema, aliona kufuli mlangoni.

Hakuamini. Alilikaribia, akalishika. Lilikuwa la moto kwa jua. Kwenye benchi la nje walikaa wanawake watano na watoto wao. Mmoja wao alikuwa Rosa, mwanamke wa kijijini kwao, aliyekuwa karibu kujifungua.

"Tumekaa tangu asubuhi," Rosa alisema. "Nesi amesimamishwa kazi tangu Ijumaa. Wanasema twende kituo cha afya, na mimi siwezi kutembea mpaka huko."

Nyuma ya zahanati ilikuwa nyumba ya mtumishi. Nesi Niyonkuru alikuwa amekaa kizingitini, hana koti jeupe, mikono juu ya magoti. Firdausi hakuwahi kumwona amekaa. Siku zote alikuwa akienda na kurudi, huku ana bomba la sindano, huku anaita jina la mtu.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Umefuata dawa za bibi yako? Siruhusiwi kugusa ule mlango, mwanangu. Nimeletewa barua. Inasema nafunga zahanati siku za Jumanne. Jumanne ya wiki mbili zilizopita nilizalisha mapacha, peke yangu. Ya wiki iliyopita niliona wagonjwa hamsini na mmoja, nikala chakula cha mchana jioni. Majina yao yote yamo kwenye rejesta, lakini rejesta imo ndani na mlango umefungwa. Sijui ni nani niliyemkosea."

Firdausi aliangalia chini.

"Na sasa wengine wananiambia nirudi Burundi," nesi aliendelea, bila hasira, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine. "Wazazi wangu walikuja wakiwa wakimbizi mwaka sabini na mbili. Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, ni raia wa hapa. Nirudi wapi?"

Firdausi aliondoka bila kuaga vizuri. Nyumbani alisema, "Mama, imefungwa." Na mara hii ilikuwa kweli.

"Najua," mama yake alijibu kwa sauti ya uchovu. "Walipopata swali langu wamemsimamisha nesi. Pengine sasa mambo yatanyooka."

Hayakunyooka. Siku tatu baadaye Rosa alijifungulia kando ya njia, akiwa anapelekwa kituo cha afya kwa pikipiki. Mtoto alilia, akapona, lakini Rosa alipoteza damu nyingi, akalazwa. Bibi naye, aliyekuwa ameishiwa dawa, alianguka jikoni kwa kizunguzungu, akapasuka juu ya jicho. Firdausi alimpaka bibi dawa kwenye kidonda, naye bibi akamshukuru. Shukrani ile ilimuuma kuliko fimbo.

Shuleni, Mwalimu Esteri alikuwa akiwafundisha Uraia. Aliandika ubaoni: *Baraza la Madiwani.*

"Diwani haendeshi halmashauri," alieleza. "Hana gari la kuchonga barabara, wala hagawi dawa. Kazi yake ni kuisimamia halmashauri kwa niaba yetu, na njia mojawapo ni kuuliza maswali. Mkurugenzi ni lazima ajibu, na jibu huandikwa. Alhamisi tutakwenda mjini kuwasikiliza. Wananchi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza."

Darasa lilishangilia. Claudine alimpiga Firdausi kikumbo. "Tutamwona mama yako akiuliza!"

Alhamisi, wanafunzi kumi na wawili walikwenda mjini kwa pikapu ya mzazi mmoja. Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na viti vya plastiki nyuma kwa ajili ya wananchi. Mbele, kwenye meza ndefu, alikaa Mwenyekiti, Mheshimiwa Saady, mzee mwembamba mwenye miwani iliyoshuka puani. Kando yake alikaa Mkurugenzi, na nyuma ya Mkurugenzi wakuu wa idara na mafaili yao. Madiwani walikaa pande mbili. Wengine walikuwa wamesafiri tangu alfajiri na macho yao yalionyesha.

Swali la kwanza lilihusu madawati. La pili lilihusu mbolea iliyochelewa. La tatu lilichukua muda mrefu, maana diwani hakuridhika na jibu, akauliza tena na tena mpaka Mkurugenzi akataja mwezi ambao kisima kitachimbwa. Firdausi alisikiliza kwa makini. Aliona jinsi jibu moja lilivyoandikwa na karani, na jinsi diwani yule alivyokaa chini akijifuta jasho. Maneno yaliyosemwa mle ndani hayakuwa maneno tu. Yalitoka nje na kufanya kitu.

Mwenyekiti alitangaza mapumziko ya chai. "Tukirudi tutaanza na swali namba nne."

Firdausi aliinuka. Mwalimu Esteri alimwuliza anakwenda wapi, naye akasema anakwenda kwa mama yake. Alimkuta Adija nje, amesimama peke yake karibu na dirisha, kikombe mkononi, viatu vimemvimbisha miguu.

"Mama, zahanati haikufungwa."

"Unasema nini?"

"Zile Jumanne mbili. Sikufika. Ya kwanza nilipitiwa na usingizi kwa akina Claudine. Ya pili nilikuja moja kwa moja nyumbani. Sikuona kufuli lolote."

Adija hakupaza sauti. Aliweka kikombe juu ya ukingo wa dirisha, polepole, kana kwamba kingevunjika kwa kuguswa tu.

"Nilikuuliza kama una uhakika?"

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

Firdausi alianza kulia. Adija alitazama mlango wa ukumbi. Madiwani walikuwa wameanza kurudi ndani.

"Rudi ukakae," alisema.

"Utafanyaje, mama?"

"Sijui. Nimekwambia rudi ukakae."

Ndani, Mwenyekiti alisoma kwa sauti: "Swali namba nne. Mheshimiwa Adija Nurudini."

Adija alisimama. Mganga Mkuu wa Wilaya alikwisha kuinuka na karatasi ya jibu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, swali langu nalifuta."

Watu walinong'ona. Mheshimiwa Saady alipandisha miwani yake. "Mheshimiwa Adija, swali ukilifuta hupati jibu, wala huna swali la nyongeza. Unasubiri tena miezi mitatu. Unalijua hilo?"

"Ninalijua. Ninaomba dakika moja nieleze sababu, na iandikwe kwenye muhtasari."

"Endelea."

"Niliandika kwamba zahanati ya kijiji changu hufungwa siku za Jumanne. Si kweli. Niliambiwa nyumbani kwangu, nikaamini. Kutoka kwangu hadi zahanati si mbali, lakini nilikuwa nimechoka, sikwenda kuangalia. Muuguzi amesimamishwa kwa sababu ya maandishi yangu. Mama mmoja amejifungulia njiani. Kosa ni langu, si la muuguzi. Ninaomba arudi kazini."

"Diwani anadanganywa nyumbani kwake!" mtu mmoja alisema, na kicheko kikapita ukumbini. Firdausi alikisikia mpaka mifupani. Mama yake hakumtaja, wala hakugeuka kumtazama. Alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Ahsante, Mheshimiwa Mwenyekiti," ndipo akakaa.

Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia Mganga Mkuu. "Kabla ya kumsimamisha mtumishi huyu, mlimwuliza? Mliangalia rejesta?"

Mganga Mkuu alifungua faili, akalifunga. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tulikusudia kufanya hivyo katika uchunguzi."

"Mlikusudia," Mwenyekiti alisema, akaandika kitu.

Swali namba tano lilikuwa la Mheshimiwa Venanti, diwani wa kata jirani. Lilihusu paa la zahanati yake lililoezuliwa na upepo. Lilipojibiwa, aliulizwa kama ana swali la nyongeza. Venanti alikuwa mkulima mnene, mzito wa kusema.

"Nilikuwa nalo, juu ya bati. Naliacha," alisema. "Nataka kujua jambo jingine la zahanati. Mtu mmoja amesimamishwa, na zahanati nzima imefungwa siku zote hizi. Basi shida haikuwa yeye. Shida ni kwamba yuko peke yake. Katika halmashauri hii, zahanati ngapi zina mhudumu mmoja tu?"

Mganga Mkuu alinong'onezana na Mkurugenzi. Kisha akasema, "Tisa."

"Mnafanya nini?" Venanti aliuliza.

Mkurugenzi mwenyewe alisimama. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki nyingi. Alisema muuguzi wa Nyakivumu atafungua mlango kesho asubuhi. Alisema amepata watumishi wapya watano, si tisa, na kwamba zahanati zenye wagonjwa wengi zitaangaliwa kwanza.

"Lini?"

"Hivi karibuni, Mheshimiwa."

"Hivi karibuni si tarehe," Venanti alisema.

Mkurugenzi alitazama karatasi zake. "Mwisho wa mwezi ujao."

"Karani aandike," Venanti alisema, akakaa.

Siku ya pili, baada ya shule, Adija na Firdausi walipanda pamoja hadi zahanati. Foleni ilikuwa ndefu kupita kiasi. Walingoja mpaka mtu wa mwisho alipotoka. Nesi Niyonkuru alikuwa akinawa mikono.

Firdausi alipiga magoti. "Nesi, ni mimi niliyesema zahanati imefungwa. Nilimdanganya mama. Naomba unisamehe."

Nesi aliendelea kunawa muda mrefu. Alijifuta kwa taulo, akaketi.

"Wewe," alisema hatimaye. "Siku ile ulikuja ukanisalimia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa. Kila usiku. Inuka, usikae sakafuni, hapajapigwa deki. Kukusamehe, nitakusamehe. Lakini kwanza nenda kwa Rosa, umwambie hivi hivi ulivyoniambia mimi. Yeye ndiye aliyeumia zaidi."

Firdausi alikwenda. Rosa, aliyekuwa amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani, alimsikiliza akiwa amelala upande, mtoto kwapani, akasema tu, "Nimesikia." Kwa wiki mbili nzima, kila alasiri, Firdausi alimchotea maji Rosa kabla ya kuchota ya kwao. Hakuna aliyemwagiza. Wiki ya pili Rosa alimwambia ambebe mtoto kidogo.

Mwisho wa mwezi uliotajwa ulipita bila mtumishi mpya. Adija aliandika barua, akanukuu muhtasari wa kikao na tarehe iliyotajwa. Siku kumi na tatu baadaye alishuka kwenye gari kijana mwenye begi moja, muuguzi aliyeitwa Ndayikunda. Nesi Niyonkuru alimpokea begi, akamwonyesha chumba, na siku hiyo, watu wanasema, alikula chakula cha mchana wakati wa mchana.

Kikao kingine kilipokaribia, Adija alimwita Firdausi kando ya meza. Karatasi ilikuwa tupu.

"Kesho nakwenda mwenyewe kukiona kile kivuko, nipime kwa miguu yangu," alisema. "Nawe utakuja, uone kazi hii inavyofanywa."

"Mama, bado una hasira na mimi?"

Adija alifikiri. "Nilikuwa nayo. Lakini nina la kukwambia, na ulishike. Kuchoka si kosa. Sote tumechoka: mimi, nesi, hata Mkurugenzi. Ungeniambia, 'Mama, nimechoka, sikufika,' ningenuna kidogo, kisha ningekwenda mwenyewe. Uongo ulikuokoa kwenye maneno ya dakika mbili, ukamtwisha Rosa mzigo wa njia nzima."

Firdausi aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilikosa. Watu hawakunipa fedha wala askari. Walichonipa ni haki ya kusimama na kuuliza, basi. Wakubwa nao wanalazimika kunijibu kwa sababu wanaamini kwamba ninachouliza nimekiona. Swali la kweli humfikia mwenye madaraka likamwamsha. Swali la uongo halimfikii yeye. Humwangukia aliye chini kabisa, asiye na wa kumsemea."

Alichukua kalamu, akaandika tarehe juu ya karatasi, na chini yake akaacha nafasi wazi mpaka watakaporudi kutoka kivukoni.